Nyumba ya Askari ni Kazi ya Kijiji Kizima

Hotuba kwa watu wa Wote, Makueni



Jambo la leo ni la zamani katika nchi ya Ukambani, tena huwa jipya kila mwaka. Ni habari ya askari. Na zaidi ya askari, ni habari ya nyumba anayoiacha nyuma. Askari akiondoka, watu humtazama yeye: nguo zake, viatu vyake, na mwendo wake. Lakini nyuma yake yuko mke atakayelima peke yake msimu huo. Yuko mama mzee asiyejua mwanawe amepelekwa wapi. Wako watoto wanaongoja karo, na liko shamba ambalo mpaka wake haujaandikwa mahali popote. Serikali humlisha askari, humvika, na kumpa bunduki. Lakini Serikali haiwezi kulala katika boma lake kila usiku. Hiyo ni kazi ya majirani, na yafaa ijulikane namna ya kuifanya.

MAJINA YALIYOPOTEA

Katika Vita Kuu vya Kwanza, vya mwaka 1914 hadi 1918, Waingereza na Wajerumani walipigana katika Afrika ya Mashariki. Barabara zilikuwa chache, na wanyama wa mizigo waliuawa na mbung'o. Kwa hiyo chakula na risasi zilibebwa na watu vichwani. Maelfu ya watu walikusanywa katika kila upande wa Kenya, Ukambani pia, wakatiwa katika kikosi cha wapagazi ambacho kwa Kiingereza kiliitwa Carrier Corps. Watu wakalitamka jina hilo Kariokor, na hata leo mtaa mmoja wa Nairobi unaitwa hivyo.

Wapagazi wengi hawakurudi. Waliouawa kwa risasi walikuwa wachache kuliko waliouawa na kuhara, homa, njaa na uchovu. Mwaka 1928 ilisimamishwa Nairobi sanamu ya shaba ya kuwakumbuka, na mpagazi ni mmoja wa watu watatu walio katika sanamu hiyo. Lakini mtu akienda kutafuta jina la babu yake pale, hataliona. Mwaka 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilitoa taarifa, ikakiri ya kwamba watu wasiopungua 116,000, na labda hata 350,000, wengi wao Waafrika na Wamisri, waliokufa kwa sababu ya vita vile hawakukumbukwa kwa majina yao, au hawakukumbukwa kabisa. Serikali ya Uingereza iliomba radhi mwaka huohuo.

Radhi hiyo ilikuja baada ya miaka mia moja. Mjane wa mpagazi alikuwa amekwisha kufa, na watoto wake pia. Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Yaliyowapata wapagazi yaonyesha ya kwamba hata mtu, jina lake lisipoandikwa, aweza kupotea vivyo hivyo, na haki ya nyumba yake ikapotea pamoja naye.

FEDHA ZILIZOTUMWA NYUMBANI

Katika Vita Kuu vya Pili, Waafrika wa Kenya waliotumika jeshini walizidi 90,000. Wakamba walikuwa wengi katika jeshi la King's African Rifles, ambalo watu waliliita Keya. Walipigana na Waitalia katika Uhabeshi hadi mji wa Gondar ulipotekwa mwezi wa Novemba mwaka 1941. Walikwenda kisiwa cha Bukini, yaani Madagaska, mwaka 1942. Mwaka 1944 Divisheni ya 11 ya Afrika ya Mashariki ilipita katika bonde la Kabaw huko Burma, katika mvua na matope, ikiwafukuza Wajapani hadi mto Chindwin.

Wengine hawakufika. Mwezi wa Februari mwaka 1944 meli iliyoitwa Khedive Ismail iliondoka Mombasa kwenda Ceylon, nchi ambayo leo yaitwa Sri Lanka, ikiwachukua askari wa mizinga wa Afrika ya Mashariki. Tarehe 12 Februari nyambizi ya Wajapani iliipiga karibu na visiwa vya Maldivi, ikazama kwa muda mfupi sana. Watu karibu 1,300 wakafa. Hao hawana makaburi, lakini askari wa mizinga waliozama wamewekewa ukumbusho katika makaburi ya vita ya Ngong Road, Nairobi, na mjukuu aweza kulisoma jina la babu yake. Jambo hili liliwezekana kwa sababu kila askari alikuwa ameandikwa: jina, namba, na kikosi.

Katika vita hivyo vya pili askari aliweza kuagiza sehemu ya mshahara wake ipelekwe nyumbani kwa njia ya ofisi ya Mkuu wa Wilaya. Mtu aliyetajwa na askari ndiye aliyepokea fedha. Mpango huo ulisaidia nyumba nyingi, lakini ulileta mateta pia. Mara nyingine jina lililoandikwa lilikuwa la baba au ndugu, na mke hakuona hata senti. Mara nyingine mke alipewa, na wazee wakalalamika ya kwamba mali ya mbai inatumiwa ovyo. Askari aliye Burma angeweza kungoja majuma mengi kabla ya kupata barua ya kumwambia kwamba watoto wake hawana chakula.

Siku hizi fedha hufika kwa simu kwa dakika moja. Lakini swali halikubadilika: zinafika katika simu ya nani, na je, mke, mama na watoto wote wanakula kwazo? Simu haiwezi kulijibu swali hilo. Watu wa boma hawana budi kulijibu wenyewe, mbele ya wazee wanaoaminiwa, kabla askari hajapanda gari.

MEMA YALIYOLETWA NA WALIORUDI

Si haki kumtazama askari aliyestaafu kama mzigo tu. Mutisya Munge wa Wamunyu alikwenda Tanganyika wakati wa Vita Kuu vya Kwanza, akajifunza huko uchongaji wa vinyago, akarudi nao nyumbani. Hakubaki nao peke yake, bali aliwaonyesha wengine. Na uchongaji wa Wakamba, unaouzwa leo katika nchi nyingi za dunia, ulianzia katika kazi ya mkono wake.

Baada ya mwaka 1945 baadhi ya askari walipelekwa Jeanes School, Kabete, wakafundishwa kazi ya maendeleo ya vijiji. Wengine walikuwa wameona huko Bara Hindi jinsi watu wanavyolima milimani kwa kukata matuta. Na matuta ndiyo yaliyokuja kuokoa udongo wa Machakos na Makueni, ambao miaka ya 1930 ulikuwa ukichukuliwa na maji hata watu wakafikiri nchi itakuwa jangwa. Na Kenya ilipojitawala, watoto wa Ukambani waliojifunza kazi katika Keya ndio waliopewa ukubwa wa jeshi: Joseph Ndolo alikuwa Mwafrika wa kwanza kuwa Mkuu wa Majeshi, na Jackson Mulinge alishika cheo hicho tangu mwaka 1978 hadi mwaka 1986.

Basi askari akirudi salama, kijiji hupata mtu aliyeona mengi, anayejua saa, utaratibu, na kazi ya pamoja. Ni hasara kumwacha akae peke yake chini ya mti, au akeshe katika pombe, kwa sababu hakuna aliyemwita barazani kumwuliza neno.

AHADI NA MALIPO

Hapana budi ukweli usemwe pia. Askari wengi wa Keya walirudi na kiinua mgongo kidogo. Kima chake kilipimwa kwa rangi ya mtu, na Mwafrika alipewa pungufu ya Mzungu wa cheo kilekile. Vyama vya askari wa zamani vilijaribu kuwasaidia waliopata taabu. Nchini Kenya kiko hadi leo Chama cha Askari wa Zamani, kinachojulikana kwa jina la DEFOCA. Umoja wa vyama vya namna hiyo katika nchi za Jumuiya ya Madola uliundwa Cape Town mwaka 1921. Mwaka 2018 Serikali ya Uingereza iliahidi kutoa paundi milioni 12 ili maaskari wazee na wajane wao katika nchi za Jumuiya ya Madola wapate chakula cha kila siku. Kwa wengi msaada huo ulichelewa. Walikuwa wamekwisha kuzikwa.

Msaada wa namna hiyo ukifika, swali la kwanza huwa ni lilelile: ushahidi uko wapi? Cheti cha kuachishwa jeshini, namba ya askari, nishani, barua. Mwenye sanduku lililotunzwa hufanikiwa upesi. Yule ambaye cheti chake kililiwa na mchwa, au kilichomwa na watoto wasiojua ni kitu gani, huanza safari ndefu ya ofisi hata ofisi.

ASKARI WA SIKU HIZI

Vita havikwisha mwaka 1945. Wanajeshi wa Kenya wametumika katika kulinda amani Namibia, Yugoslavia ya zamani, Sierra Leone na kwingineko. Mwezi wa Oktoba mwaka 2011 waliingia Somalia. Tarehe 15 Januari mwaka 2016 kambi yao ya El Adde ilishambuliwa, na tarehe 27 Januari mwaka 2017 ikashambuliwa kambi ya Kulbiyow. Nyumba nyingi za Kenya zilipata msiba katika siku hizo mbili. Kila tarehe 14 Oktoba jeshi hufanya siku yake ya kuwakumbuka waliokufa. Bendera hupepea, tarumbeta hulia, na maua huwekwa. Hayo ni mema. Lakini tarehe 15 Oktoba mjane huamka na kuwasha moto kama kawaida, na hapo ndipo zamu ya kijiji inapoanza.

Tena ikumbukwe ya kwamba askari wa leo aweza kuwa mwanamke. Mama naye huenda kazini mbali, akamwachia bibi watoto wadogo. Nyumba hiyo haina haja ndogo kuliko nyingine.

MAMBO MATANO YA KUFANYA

Jambo la kwanza ni karatasi. Kabla askari hajaondoka, na aandike jeshini majina ya mke, watoto na wazazi anaowatunza, na kuyabadili kila apatapo mtoto au afanyapo ndoa. Ndoa ya kimila nayo iandikishwe. Sheria ya Ndoa ya mwaka 2014 yataka hivyo. Vyeti vya kuzaliwa vya watoto vichukuliwe mapema. Karatasi hizi ziwekwe katika sanduku moja la bati, na nakala zake ziwe kwa mtu wa pili anayeaminiwa. Vijana waliosoma waweza kuifanya kazi hii kwa kila boma la askari katika kijiji chao, na gharama yake ni siku moja tu.

Jambo la pili ni mwethya. Kila Mkamba ajua maana yake: jirani akizidiwa na kazi, huita watu wa utui, yaani wa kijiji chake, nao huja na majembe, wakamaliza kwa siku moja kazi ya mwezi mzima. Kwa mwethya yalichimbwa matuta ya Machakos katika miaka ya 1950, na kwa mikono ya majirani hujengwa hata leo mabwawa ya mchanga katika mito mikavu ya Makueni na Kitui. Basi mvua za Oktoba hadi Desemba, ambazo ndizo zinazotegemewa zaidi katika upande huu, zinapokaribia, mwethya wa kwanza na uende katika shamba la mtu ambaye mume wake, mwana wake au binti yake yuko jeshini. Ndengu na kunde zikipandwa kwa wakati, nyumba hiyo haitaomba. Zikipandwa juma moja baada ya mvua kuanza, mavuno huwa haba.

Jambo la tatu ni ulimi. Vita vikitokea, habari huruka kwa simu kabla ya jeshi kusema neno. Picha za maiti hupita mkononi kwa mkono, na mama huambiwa sokoni kwamba mwanawe amekufa, naye yu hai. Au mke huyaona katika simu ya mtoto yale ambayo angepaswa kuambiwa polepole na watu wazima, akiwa ameketi. Mtu akipata picha ya namna hiyo, aifute. Akisikia habari, asiipeleke bomani mpaka ithibitishwe na wenye kazi hiyo. Na wakati wa kungoja, majirani wawili watatu na wakae na mama huyo, wapike na kuchota maji, hata kama hawana la kusema.

Jambo la nne ni askari aliyerudi na jeraha. Mguu uliokatwa huonekana, na watu humhurumia. Lakini liko jeraha lisiloonekana. Mtu haipati usingizi, hushtuka mlango ukigongwa, hukasirika bila sababu, hukimbilia chupa. Zamani iliaminika ya kwamba mtu huyo amerogwa au amefuatwa na roho za aliowaua, na wengine wakamwita mwendawazimu. Madaktari wanajua leo kwamba ni ugonjwa unaotokana na hofu kuu iliyokaa ndani, nao hutibika. Hospitali kuu ya kaunti ipo hapa Wote. Mke peke yake aweza kushindwa kumpeleka mume wake. Lakini rafiki aliyecheza naye utotoni, au askari mzee aliyepita njia hiyo, akimwambia, "Twende pamoja," mara nyingi atakwenda.

Jambo la tano ni mjane. Hapa ndipo penye aibu kubwa kuliko zote. Askari hufa, na kabla arobaini haijapita, ndugu huja kuhesabu mbuzi. Mjane huambiwa kwamba hakuolewa sawasawa, kwamba mahari haikumalizika, kwamba fedha za jeshi ni za mbai. Sheria ya Urithi, iliyoanza kutumika mwaka 1981, yakataza mtu yeyote kuingilia mali ya marehemu bila idhini ya sheria, na afanyaye hivyo ana kosa la kushitakiwa. Lakini sheria iko katika mahakama, na mjane yuko bomani. Wazee wa mbai ndio walio karibu. Mzee mmoja akisimama katika kikao na kusema, "Nyumba hii ni ya watoto wa marehemu, na mama yao ataitunza," maneno hayo hufanya kazi kabla ya wakili kuitwa. Mzee akinyamaza, kimya chake ni ruhusa.

NENO LA WANAOPINGA

Wako wanaosema, "Askari analipwa mshahara kila mwezi, nasi hatulipwi. Ukame umetupiga sisi sote. Kwa nini alimiwe shamba lake?" Swali hili ni la haki, wala halifai kukemewa.

Jibu lake ni hili. Kwanza, mshahara hauwezi kushika jembe, wala hauwezi kumfariji mtoto usiku. Mwenye mshahara na asiye nao huwa sawa siku ya msiba. Pili, mwethya haukuwa sadaka tangu zamani, ulikuwa zamu. Nyumba ya askari nayo ina zamu yake. Mke wake na aende kwa wengine wanapojenga, na askari akija likizo asikae tu na kusimulia, bali ashike jembe siku moja katika shamba la jirani aliyemlimia. Nyumba isiyorudisha zamu huharibu desturi kwa nyumba zote zijazo. Tatu, mambo matano yaliyotajwa hayahitaji fedha nyingi. Yahitaji siku chache, mikono, na ulimi unaojua kunyamaza na kusema kwa wakati wake.

Tena hakuna ajuaye nyumba itakayofuata. Jeshi likija kuandika vijana, mamia husimama katika uwanja, na wazazi huomba Mungu wapate. Anayelalamika mwaka huu kwa kumlimia mke wa askari, huenda mwakani akawa mama wa askari.

MAAGANO

Wazee wa Wote na vijiji vyake waweza kuanza na jambo moja dogo kabla ya mvua. Kila utui na uwe na daftari moja. Ndani yake yaandikwe majina ya nyumba zote zenye askari walio kazini, waliostaafu, wajane, na wazee wa vita vya zamani ambao majina yao bado yakumbukwa na watu. Karibu na kila jina liandikwe jina la jirani mmoja aliyekubali kuitazama nyumba hiyo. Daftari likae kwa mtu mwaminifu, lisomwe barazani mara mbili kwa mwaka, na kila jirani aulizwe mbele ya watu: nyumba uliyopewa i hali gani?

Daftari hilo halitakuwa na shaba wala jiwe, lakini litawafanyia wenye nyumba kazi ambayo sanamu ya Nairobi haikuweza kuwafanyia wapagazi, maana kila mtu atajulikana kwa jina lake, na wakati bado upo wa kumfaa. Akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki. Na kwa kuwa mji huu kwa Kiswahili jina lake ni Wote, hapana udhuru wa mtu kusema kwamba kazi hii aliachiwa mwenziwe.